Fomu Ilinishukuru Mara Saba, Mama Akazikwa Bila Mimi

Mshauri wa gazeti, pokea salamu zangu na unisaidie kabla sijafanya la kufanya. Mimi ni mfunga nondo, niko ugenini mwaka wa tano, shule niliiacha njiani ili mdogo wangu wa tumbo moja aendelee, naye akasoma kompyuta mpaka nikamwombea kazi katika ofisi ya kampuni hii hii inayotujengesha maghorofa, na yeye ndiye aliyetengeneza fomu ya kuomba likizo, ile ya kujaza kwenye simu, maana siku hizi karatasi hawapokei. Mwezi wa tatu dada alipiga simu kwamba mama hainuki kitandani na ananitaja mimi, basi nikakaa juu ya mfuko wa saruji nikajaza jina, namba ya kazi na sababu, ila kisanduku cha barua pepe nikakiacha kitupu kwa kuwa sina, nikabonyeza tuma, ukurasa ukaandika "Asante, ombi lako limepokelewa," nikangoja wiki nzima, kimya, nikatuma tena, asante tena, mpaka mara saba, na nilipompigia mdogo wangu akaniambia, "Kaka, ukiona asante ujue imefika, acha presha." Yeye aliomba ruhusa kwa mdomo, meza ya bosi iko hatua tatu kutoka kwake, akasafiri, akamzika mama. Mimi nilikuwa ghorofa ya sita nafunga nondo.

Aliporudi alifungua kompyuta kutazama, kisha akanifuata chumbani macho chini. Kumbe programu aliyoiandika kule kwenye seva ikikuta kisanduku cha barua pepe kitupu inalitupa ombi zima bila kuliandika popote, lakini lile neno la asante alilitegesha wakati wa majaribio lijitokeze kwa vyovyote vile, akasahau kuliondoa. Ameshairekebisha kimyakimya.

"Ila maombi ya nyuma hayapo tena, kaka," akasema. "Ukifungua mdomo, unga wangu umemwagika. Na wewe ndiye uliyeniombea kazi."

Nikamuuliza, nyumbani umewaambia nini? "Nimewaambia hukupata nafasi."

Dada hapokei simu yangu. Shangazi amenitumia ujumbe mmoja tu: "Endelea na maghorofa yako." Na hapa chumbani seremala anayelala kitanda cha juu, naye hana barua pepe kama mimi, aliomba likizo kabla fomu haijarekebishwa; mke wake ni mjamzito, siku zimekaribia, kila jioni ananionyesha asante yake kwenye simu, ananiambia, "Mzee wa nondo, jibu liko njiani," nami nageukia ukutani. Nikisema, namtosa ndugu yangu. Nikinyamaza, nitamtazamaje huyu?

Mfunga nondo, ugenini

JIBU

Kaka, pole sana kwa mama. Umenyang'anywa kitu ambacho hakuna ofisi itakayokurudishia.

Lakini sitakubembeleza. Ulibonyeza mara saba, na hata siku moja hukutia mguu ofisini ukauliza, "Ombi langu mmeliona?" Uliiamini fomu kwa sababu aliyeiandika ni damu yako.

Mdogo wako kusahau neno kwenye programu ni uzembe, na uzembe husameheka. Kujua kwamba watu wanangojea majibu ya maombi yaliyokwisha kutupwa, kisha kufunga mdomo, huo ni ukatili. Na tangu siku aliyokwambia, mko wawili. Umepata nguvu ya kuniandikia mimi nisiyekujua, mtu aliye juu ya kichwa chako umemgeuzia mgongo!

Seremala aambiwe leo: ombi lake halipo. Alitume upya, halafu aende ofisini kwa miguu yake akaulize kama limeonekana, asitoke bila jibu. Mdogo wako mpe siku moja amwambie bosi mwenyewe na abandike tangazo kambini kwamba wote walioacha kisanduku kile kitupu watume tena. Siku ikipita, nenda wewe. Na hiyo fomu aionyeshe mbele ya watu: asante itoke baada ya ombi kuhifadhiwa, si kabla, na likikosekana jambo, ukurasa utaje ni lipi.

Simu ya dada aipige yeye, wewe ukiwa umekaa pembeni, aseme alichokifanya kwa kinywa chake. Akifukuzwa, ana elimu uliyomwachia, atatafuta kazi nyingine.

Mama yenu hamtamzika mara ya pili. Mke wa seremala bado hajajifungua. Weka gazeti chini, umwamshe mumewe.