Mitiki Niliyoikata

Jumatatu, 2 Oktoba

Bwana miti kapita leo. Kaizunguka mitiki yetu, uso kaukunja kama kaonja dawa chungu. Yote imepinda! Kauliza nani anayenyonyoa majani. Nikasema mume wangu. Tangu tuipande mwaka jana, kila akirudi safari anayatoa yale ya chini, ati mti ukimbilie juu. Umekimbilia kweli! Shingo ndefu, kiuno hakuna, upepo kidogo tu umelala. Kasema, mama, hapa hupati mbao, unapata fito. Dawa ni moja: ikate yote, karibu na ardhi, kabla ya mvua. Mizizi ina nguvu, itachipua upya na kunyooka.

Yote! Na mwenye mapenzi nayo yuko njiani na lori, simu haipatikani. Shamba hili ndilo uzee wetu. Hatuna lingine.

Alhamisi, 5 Oktoba

Bado hapatikani. Mawingu yanajikusanya. Mama mkwe anasema nimsubiri mwenyewe. Mwenyewe nani? Mashimo nilichimba mimi!

Nimekata. Kwa msumeno, maana panga linapasua kisiki. Mkato wa mshazari, maji yasituame. Mti wa kwanza niliuzunguka mara mbili kabla ya kuukata. Wa mwisho nililia, basi. Mama mkwe kasimama mlangoni, mikono kichwani. Kasema mwanawe akirudi, yeye hayumo.

Jumamosi, 14 Oktoba

Karudi. Kaenda shambani hata kuoga hajaoga. Hakupiga kelele — heri angepiga! Kauliza tu, na mimi ningekuwa na kasoro ungenikata? Kala kidogo, kalala, kanigeuzia mgongo.

Najua nimefanya sawa. Nadhani.

Jumapili, 22 Oktoba

Mvua kubwa, siku ya tatu. Visiki kimya. Na mume wangu tunaongea kupitia kwa mama yake: mwambie mkweo alete chumvi. Na mimi nipo hapo hapo mezani! Mama mkwe kachoka. Kasema yeye si posta.

Visipochipua uso wangu nitauficha wapi? Yeye atasamehe, labda. Mimi sitajisamehe.

Jumamosi, 4 Novemba

Vimechipua!! Niko jikoni nasikia naitwa, kwa jina langu, hakuna cha mwambie mkweo. Njoo, njoo uone! Namkuta kapiga magoti kwenye matope. Kila kisiki machipukizi matatu, manne, mekundu-mekundu, yanang'aa. Anayaangalia kama vifaranga. Kasema tulipanda mmoja, tumepata minne! Mama mkwe naye sasa anasema yeye alijua tangu mwanzo. Haya mama, ulijua.

Msamaha hakuomba. Ila kanioshea mabuti yangu, kayaanika juani. Kwa huyu mtu, huo ni msamaha tosha. Nimefurahi mpaka nimekosa hamu ya kula.

Sijamwambia sehemu iliyobaki ya maneno ya bwana miti.

Jumanne, 7 Novemba

Nimemwambia. Kisiki kimoja, chipukizi moja. Mengine yatolewe, la sivyo yatanyang'anyana chakula na hakuna litakalokuwa mti. Kanitazama kama mchawi. Kasema, wewe mwanamke, una ugomvi gani na miti yangu? Nikasema ni yetu, na safari hii sikati bila wewe. Nikamtia kisu mkononi.

Kachuchumaa kwenye kisiki cha kwanza. Yale madogo kayatoa upesi, yamebaki mawili, yamelingana kama pacha. Kashika la kushoto, kaliachia. Kashika la kulia. Chagua wewe, kaniambia. Nikakataa. Nilichagua peke yangu mara moja, nikakiona cha moto.

Nimeingia ndani, naandika huku namchungulia dirishani. Bado kachuchumaa. Midomo inacheza — anaongea nalo! Mama mkwe ananiuliza kama mwanawe anaumwa. Nimemwambia amwache.

Ngoja. Kainama. Kisu kimepita.

Kainuka na kitu kidogo chekundu mkononi, hajui akiweke wapi. Anageuka huku, anageuka kule. Kakitia mfuko wa shati. Anasogea kisiki cha pili —