Safu ya Tatu

Frere Town, Jumapili

Shangazi Nyamvula, shikamoo.

Huku hatujambo, ila paa la jikoni linavuja. Umeniomba nije matangani kwa Nyanya na daftari langu, niwasomee watu jinsi dunia ilivyoanza kwa maneno yake.

Daftari lina safu tatu. Waebrania: mtu alifinyangwa kwa udongo. Wahindi wa kale na jamaa zao wa lugha huko Ulaya: jitu lilichinjwa, viungo vyake vikawa mbingu na nchi. Ya tatu ni ya Nyanya.

Siku ile nilipomwomba anisimulie niandike, aliniuliza, "Ugoro wa kufungulia maneno uko wapi?" Nilikwenda mikono mitupu. Nikanuna, nikaondoka, nikakaa miaka miwili nikisoma Kiebrania na Kisanskriti.

Nitakuja, Shangazi, na ugoro wa kuweka kaburini. Safu yake ina jina lake tu.

Mwanao,
Kadenge