Waliokaa Katika Nyumba ya Glebe

Glebe, Sydney
Tarehe 3 Oktoba 2021

Kwa Yaya wangu mpendwa, dada yangu mkubwa Chibalonza,

Pokea salamu zangu kutoka huku mbali. Natumaini kurasa hizi zitakukuta mzima hapo Uvira, goti lako limepata nafuu, na maji ya mafuriko hayajarudi tena mtaani kwenu. Ukiuliza hali yetu, mwili ni mzima. Mwanangu Ange amekuwa mrefu kunipita. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, ila atakujibu kwa Kiingereza. Usimkasirikie, watoto wote wa huku wako hivyo.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu, sisi ambao kwa miaka mingi tunasalimiana kwa maneno mawili matatu kwenye simu, tena siku za sikukuu tu. Nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie, maana posta ya kwetu unaijua. Nimejaribu mara nyingi kukuambia jambo hili kwa mdomo. Kila nikisikia sauti yako naanza kuuliza kama mvua imenyesha. Kwa hiyo nivumilie, Yaya, nianze mbali kidogo.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba mji wetu ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona. Unajua kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mitaa ya kwetu, Guildford na jirani zake, ilibanwa kuliko mingine. Watu wengi huko wanafanya kazi za maghala na za kutunza wagonjwa, kazi ambazo huwezi kuzifanya ukiwa umekaa sebuleni, basi ugonjwa ukatufikia upesi. Kampuni yetu ikaniambia kuna mama wa miaka tisini hapa Glebe, karibu na katikati ya jiji, anahitaji mtu wa kukaa naye moja kwa moja, asiyeingia na kutoka. Mwanawe wa pekee, Rufus, yuko Perth, ng'ambo ya pili ya nchi, na mipaka ya huko ilifungwa. Nilikubali. Ange nikamwacha kwa rafiki yangu Spéciose, Mrundi tunayesali naye kanisa moja, nikidhani ni kwa wiki mbili. Leo ni wiki ya kumi na tatu.

Mama huyo jina lake Nora. Nyumba yake ni ya mawe ya mchanga, ya ghorofa, na baraza ya juu imezungushiwa vyuma vilivyosukwa kama kitambaa cha mezani. Serikali imeiandika katika orodha ya nyumba za kale, hata msumari huwezi kuupigilia ukutani bila kibali. Kwenye geti kuna kibao cha shaba kinachosema kwamba nahodha fulani wa meli aliijenga mwaka 1874. Mimi nilipewa chumba kidogo nyuma ya jikoni, chenye dirisha linalotazama ukuta wa uani. Asubuhi nilikuwa nasikia ndege tu. Barabarani hapakuwa na magari wala sauti ya mtoto. Jirani wakipita na barakoa zao walinipungia mkono kwa mbali, wakaharakisha.

Siku za kwanza Mama Nora hakunizoea. Alikuwa mwembamba, macho makali, na hakupenda kusaidiwa kufunga vifungo vyake. Aliniita nesi. Siku moja akaniuliza ninalala wapi, ingawa alijua. Nikamwambia nyuma ya jikoni. Akanywa chai yake, kisha akasema yeye alizaliwa katika chumba hicho hicho.

Nilidhani umri umemchanganya, lakini hapana. Alinieleza kwamba nahodha alikaa humo miaka sita tu. Baadaye matajiri walihamia mitaa mingine, nyumba ikagawanywa vyumba vya kupangisha, na ile miaka ya thelathini ya shida zilikaa humo familia tisa zikitumia bomba moja. Baba yake alikuwa mpakuzi wa mizigo ya meli bandarini. Wao walikuwa watu sita katika chumba changu. Sebuleni, penye dirisha kubwa, alikaa Bwana Pettifer, mwalimu wa piano aliyekuwa ameuza piano yake. Aliwafundisha wanafunzi juu ya ubao aliouchora vitufe vyeusi na vyeupe, huku akiimba mwenyewe sauti ambayo kila kitufe kingeitoa. Chini ya ngazi alilala mtu aliyerudi kutoka vita ile kubwa ya kwanza, ambaye hakuweza kulala mlango ukiwa umefungwa. Mama Nora aliondoka humo akiwa msichana, akaolewa, na miaka ya sitini, wakati hakuna aliyetaka nyumba kuukuu, yeye na mumewe wakainunua yote.

Kibao cha getini kilimkera. Aliniambia, “Wamemwandika mtu wa miaka sita. Sisi wengine wametufagia.” Akaniomba nichukue daftari niwaandike watu wa kila chumba, mmoja mmoja. Kiingereza changu cha kuandika ni cha polepole, kwa hiyo niliandika kwa Kiswahili. Jioni aliniomba nimsomee. Hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini likipita jina la mtu aliyemjua anainua kidole kidogo, kama anayeitikia mahudhurio darasani.

Tulipomaliza vyumba vyake akauliza kuhusu nyumba yetu. Nikamsimulia ile nyumba ya Papa kule Nguba, baraza yake ya duara inayotazama ziwa, Mbelgiji wa kahawa aliyeijenga, yule daktari aliyefuata, kisha sisi. Nilimweleza sakafu nyekundu uliyokuwa ukiisugua kwa nta kila Jumamosi huku ukituzuia tusipite. Akauliza Papa alikufaje. Nikajibu alikufa wakati wa vita. Hakuchimba zaidi, na mimi nikaamka kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Mwezi wa nane jeshi lilipelekwa kwenye mitaa yetu kusaidia polisi. Ange alinipigia simu mchana akaniambia askari wawili wamebisha mlango wa Spéciose. Mtoto wangu alikuwa akicheka. Walikuwa vijana wenye adabu, waliuliza kama watu wana chakula cha kutosha, wakaaga wakaenda. Lakini Spéciose alikuwa amejifungia chooni na hakutaka kutoka. Ange hakuelewa kwa nini. Mimi nilielewa. Nilikuwa nimeshika sahani ya Mama Nora, ikanidondoka, nikakaa chini sakafuni katikati ya vigae.

Mama Nora alikuja akishikilia viti, yeye ambaye mimi ndiye niliyelipwa kumshikilia. Akakaa, akangoja. Ndipo nikamwambia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, hata padri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Dada yako bado yu hai?”

“Yu hai.”

“Basi umemwambia mtu asiyehusika.”

Baada ya hapo akaniambia lake. Rufus, mwanawe, hakujua kwamba mama yake alizaliwa nyuma ya jikoni. Tangu alipoolewa aliwaambia watu kwamba amekulia Bathurst, mji wa huko bara, kwenye shamba la ng'ombe. Aliona haya kwa ajili ya chumba kile, na kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kusema kweli. Alisema atamweleza Rufus mipaka ikifunguliwa, wakiwa wamekaa uso kwa uso.

Haikuwahi kutokea. Tarehe kumi na nne mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, nilikuwa nikimchana nywele barazani, kichwa chake kikaegemea mkono wangu. Haikuwa korona. Daktari alisema moyo umechoka tu. Mazishini waliruhusiwa watu kumi, sisi tulikuwa wanne: padri, jirani wawili na mimi. Nilishika simu juu ya kaburi ili Rufus aone kutoka Perth. Mkono ulinichoka nikaubadilisha, na nilikuwa nasikia akilia ndani ya kiganja changu.

Rufus aliniomba nibaki kuilinda nyumba mpaka apate njia ya kuja. Kwa hiyo niko peke yangu humu, Yaya. Bado nalala nyuma ya jikoni ingawa vyumba vyote ni vitupu. Napika wali wa mtu mmoja. Wiki iliyopita Rufus aliuliza kama mama yake aliacha maandishi yoyote. Nikamwambia kuna daftari, lakini ni kwa Kiswahili. Akanisihi nimfasirie kwenye simu. Nilifikiri sana, kisha nikamsomea yote, na chumba cha nyuma pia.

Nilipomaliza akasema, “Ningempenda vile vile. Kwa nini hakuniambia?” Akarudia mara mbili. Nilipokata simu nilitafuta karatasi.

Yaya, siku ile aliyouawa, Papa hakutoka nje kukutafuta wewe.

Ulikuwa umekwama kwa akina Bigirimana, ulikokwenda mazoezi ya kwaya, na Papa alijua. Mtu alikuwa amekuja kutuambia kwamba mko salama na mmefunga milango. Mama hakumsikia, alikuwa chumbani na homa yake. Mimi na Papa tulikuwa sebuleni. Risasi zilikuwa zimetulia tangu asubuhi. Nilikuwa nimeacha kadi yangu ya mtihani wa serikali nyumbani kwa rafiki yangu Elvire, nyumba ya nne kutoka kwetu, na nilianza kulia kwamba wakiichoma ile nyumba nitapoteza mwaka mzima. Papa alisema tungoje. Nililia zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, si mtoto, nilijua nini kiko barabarani. Akavaa viatu. Akaniambia nifunge mlango nyuma yake, atabisha mara tatu.

Alikuwa anarudi nayo, Yaya. Walipomwokota pale kwenye kona, kadi ilikuwa mfukoni mwa shati. Mimi ndiye niliyeitoa kabla mtu hajaiona. Jirani walipoingia Mama akapiga kelele kwamba amekwenda kumtafuta Chibalonza, na mimi nilikuwa nimesimama pale na kadi ndani ya nguo yangu. Nilisema moyoni nitamsahihisha kesho. Kesho yake ulifika, Mama akakutupia maneno yale mbele ya watu wote, kwamba Papa amekufa kwa sababu yako. Wewe hukujitetea. Nikanyamaza. Nilifanya mtihani kwa kadi ile na nikafaulu.

Kwa miaka kumi na saba nimekuona ukibeba kitu ambacho si chako. Ulivunja uchumba. Ulihamia Uvira. Hujaingia katika nyumba ile tena, hata siku ya misa ya Papa ulisimama nje ya kanisa. Na mimi nilipanda ndege nikaja mwisho wa dunia, nikakutumia nguo za Krismasi.

Sikuombi uniambie kwamba haya yamepita. Ukitaka kukaa kimya mwaka mzima, kaa. Ukitaka kunitukana, namba yangu ni ile ile na nitapokea saa yoyote. Ila naomba kuanzia leo usijihesabu tena kuwa sababu. Nilitaka wewe ujue kwanza. Jumapili ijayo, Mama akitoka misa, nitampigia nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Aksanti, anayekaa na Mama, nimemwomba awepo karibu naye, bila kumweleza kwa nini. Nikishamaliza, Mama atataka kuongea na wewe. Sijui atakuambia nini, wala siwezi kukuahidi kwamba atajua namna ya kulisema.

Huku wanasema watafungua mji tarehe kumi na moja. Ange anauliza kila siku ninarudi lini.

Nisalimie jirani yako anayekuletea maji, na wote wanaokutazama vizuri. Spéciose anakusalimia ingawa hamjaonana. Mungu akulinde, na goti usilikaze kwenye baridi ya asubuhi.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,
Bénie