Kile Kipande cha Pazia

Mpendwa dada,

Kabla hujaendelea, toka kwanza hapo kitandani kwa mama. Najua humsomea barua zangu kwa sauti. Hii isome jikoni, peke yako. Mimi mwilini ni mzima. Presha ya mama imeshuka? Na mgongo wako, bado unakuuma kwa kumgeuza? Wanao huku kwenu wanakula na kwenda shule, na huyu wa mwisho amerithi mdomo wangu, Mungu amsaidie.

Umeniuliza kama kweli mumeo ni mzembe kiasi cha kumkatisha mtu vidole, maana unaona haya hata kumtazama mama usoni. Haya, nikueleze.

Ile mashine ya kukatia karatasi pale kiwandani ina vitufe viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto. Kisu hakishuki mpaka uvibonyeze vyote kwa pamoja, ili mikono yako yote iwe mbali. Shemeji, mkuu wa mashine, alituimbia hilo kila asubuhi mpaka tukambandika jina la Mikono Miwili. Msimu wa madaftari ulipotuelemea, mtu akakibana kitufe cha kushoto kwa kijiti, akakifunga na kitambaa, ili mkono mmoja ubaki huru kupanga karatasi. Kazi ikaenda mbio kweli. Siku ya ajali bosi alimwita shemeji ofisini, mashine ikabaki inawaka. Kicheko, yule mama mpanga karatasi, akaingiza mkono kunyoosha rundo, tumbo lake likagusa kitufe cha kulia. Vidole vinne, dada. Tangu hapo sijamsikia akicheka.

Polisi walimchukua shemeji siku ileile. Mwendesha mashtaka alisema mashine ilikuwa chini yake, funguo mfukoni mwake, na kuiacha inawaka katika hali ile ni kosa la jinai, si bahati mbaya. Mimi niliitwa shahidi. Nikala kiapo, nikasema simjui aliyefunga. Ndipo wakakitoa kile kitambaa kwenye mfuko wa nailoni: cha kijani, chenye maua meupe. Loo! Shemeji alikitazama, akanitazama mimi, akainama. Hakimu alipomuuliza kama ana la kusema, alijibu kuwa mashine ni yake na lawama ni yake. Hukumu ni Alhamisi, na wakili wake amenong'ona habari ya miaka mitatu.

Jana nilimpelekea sabuni mahabusu. Kabla sijatamka neno akaniwahi, akasema nifunge domo langu walau mara moja maishani, maana mama akisikia binti yake yuko ndani hatamaliza wiki. Yeye ni mkwe tu, mama atamzoea hata akiwa mfungwa. Akacheka kidogo. Nililia njia nzima.

Unalikumbuka pazia la sebuleni kwako, la kijani lenye maua meupe, ulilonipa nikalichana matambara ya kazini? Ni mimi, dada. Nilifunga mimi. Shemeji aliwahi kukikuta kile kitambaa, akakifungua, akanigombeza mbele za watu. Alipogeuka tu nikakirudisha, nikimcheka kichinichini. Siku ile nilikwenda kunywa maji nikakiacha vilevile. Mama wa watu hana vidole, mumeo yuko ndani, na mimi nimeapa uongo nikarudi kulala kwenye nyumba yenu. Najichukia, dada. Mbio za sakafuni zimeishia ukingoni.

Ninaandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi. Ni saa tatu asubuhi, wanao wako shule, na fundi cherehani wa mlango wa pili amekubali kukaa nao mpaka uje. Askari wa zamu ameniuliza mara mbili nina shida gani. Nimemwambia namalizia barua kwanza. Mama mwambie wewe, polepole, akishameza dawa, na ajue nimejisalimisha mwenyewe, hakuna aliyenituma. Shemeji akirudi, usimgombeze kwa kunyamaza. Ni mama yetu aliyekuwa akimlinda.

Nisalimie mama. Alitufundisha kuwa mkubwa husalimiwa kwa mikono miwili, na ndivyo nilivyotaka kufunga barua hii. Nimeshindwa, dada, nikimkumbuka Kicheko. Pokea mmoja.

Mdogo wako,
Domo