Sahani ya Bi Dorothy

Mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Uarabuni, Ijumaa alasiri

Leo tena nimemdanganya mwanangu. Zuhura aliniletea tende kwenye ile sahani ya buluu.

"Baba, hii sahani ya nani hasa?"

"Ya marehemu mama yako."

Si yake. Ni ya Bi Dorothy, jirani yetu kule Amerika. Nilipofiwa na mke wangu, ndiye aliyetuletea chakula ndani yake, kisha akatuzolea theluji mlangoni bila kuombwa.

Kwetu Unguja sahani ya jirani hairudishwi tupu, nami kupika sijui. Nikangoja, hadi nikahamia nayo huku Uarabuni. Hata asante sikumpa.

Kesho nitamwambia Zuhura ukweli, Mungu akinibakisha. Leo nilizila tende zote, nikamrudishia sahani bila kumtazama usoni.