Mteja Anataka Nimshinde, Bosi Anataka Nishindwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa. Mimi ni karani wa mauzo hapa Osaka, mwaka wangu wa kwanza kazini, na mteja wetu mkubwa, Mzee Hirobe mwenye kiwanda cha maboksi, ameichoka gofu, sasa anapenda ule mchezo mpya wa video wa mbio za magari kwenye ukumbi wa michezo karibu na stesheni, wenye viti viwili sambamba, ambao magari na milima yake vimeundwa kwa pande bapa kama karatasi iliyokunjwa lakini ukiingia kona mwili wenyewe unainama, na bosi wangu, Nagatsuka-san, aliposikia naujua akanituma nicheze na mzee, akaniambia, "Mteja hashindwi, kijana. Mimi kwenye gofu mpira naupeleka majini mwenyewe."

Basi nilikuwa mbele hadi kona kali ya mwisho, na badala ya kupunguza gia nikabonyeza kitufe cha kulitazama gari kutoka juu, ambako kona siipimi vizuri, nikagonga ukuta, mzee akapita. Hakufurahi. Alizima sigara akasema, "Nimekuona ukicheza hapa, siku zote unaendesha ukitazama kutoka ndani. Leo ndiyo umetamani kuwa ndege?" Anataka turudie Ijumaa, na anasema nikimwachia tena atahamia kampuni nyingine. Bosi naye, ambaye sijamweleza maneno hayo, anasema nikishinda nitapelekwa ghala la Hokkaido, kule kaskazini kwenye theluji. Nifanyeje?

Karani mwenye hofu

*

Pole, kijana, lakini umejitakia. Mzee alitafuta mtu wa kushindana naye, wewe ukampa zawadi asiyoiomba, tena ukaifunga vibaya. Bosi wako hana ubaya, anatumia dawa ya gofu kwa ugonjwa mwingine. Hajui mteja alisema nini, kwa sababu umeogopa kumwambia. Kesho asubuhi, kabla hajamaliza chai yake, simama mbele ya meza yake umweleze maneno ya Hirobe-san kama yalivyo, hata lile la ndege. Mwalike aje kutazama. Akikataa, nenda hivyo hivyo. Hokkaido nako watu wanaishi.

Ijumaa chagua kutazama kutoka ndani, na kitufe kile usikiguse tena. Kwenye kona ya mwisho punguza gia, ukate usukani, uendeshe kwa uwezo wako wote. Akikushinda, inama umshukuru. Ukimshinda, inama vilevile, kisha umngoje aseme, "Tena."