Rafu Juu ya Kitanda cha Mtoto

Kaka yangu mpenzi,

Huku tu wazima. Mpwa wako ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba, kwa hiyo jiandae, mjomba.

Ile rafu ya vitabu uliyoiacha nusu mlipokorofishana na shemeji yako, ameimalizia mwenyewe. Imependeza, utadhani imeota ukutani. Nondo zote zinazoishikilia ukutani zimefichwa ndani ya mbao. Ila nilipofagia niliokota vipande vya nondo. Badala ya kuongeza kina cha matundu ya ukutani, amezikata. Zimeshika plasta tu, hazikufika kwenye tofali.

Ameijaza vitabu, kisha akaweka kitanda cha mtoto chini yake. Leo upande mmoja umeanza kuinama. Kila nikikisogeza kitanda, nikisingizia kudeki, anakirudisha huku ananikazia macho.

Kumwambia siwezi. Mara ya mwisho nilisema mlango alioutengeneza haufungi, na wewe ulipokuja ukaniuliza jicho limefanya nini.

Drili iache huko huko, kaka. Njoo na gari, yeye akiwa kazini. Mimi na mwanangu tuna begi moja tu.

Mdogo wako.